Muda Uliokosa Mwenyewe

Programu ya top, ambayo kila fundi wa seva huifungua kabla hata ya kuvuta kiti, ina safu ndogo iitwayo hi. Humo Linux huandika asilimia ya muda ambao prosesa imeutumia kushughulikia vikatizo vya vifaa: kadi ya mtandao imepokea pakiti, diski imemaliza kusoma, mtu amebonyeza kibodi. Safu hiyo ilikuja na toleo la 2.6 la kerneli, Desemba 2003. Katika mashine nilizozihudumia Mwanza ilikaa kwenye sifuri au jirani yake, miaka nenda miaka rudi, hata siku ambazo ruta ilikuwa inadondosha pakiti na wateja wamekunja nyuso. Nataka kusimulia sifuri hiyo ilitoka wapi, nani waliihangaikia, na kwa nini mashine za bei yetu ndizo zilizokuwa za mwisho kupata vipimo vya kweli.

Nianze na mji. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa muda mrefu ndiyo iliyoleta kila kitu kizito kutoka pwani. Kompyuta zilichelewa sana kupanda treni hiyo. Serikali ya Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500, katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine kwenda mrama, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku nchini, pamoja na televisheni. Marufuku hiyo ililegezwa polepole hadi miaka ya 1990. Siwalaumu walioamua, nchi ilikuwa na fedha kidogo za kigeni na mashine ilikuwa imewatia hasara. Lakini miaka ile ndiyo ambayo ufundi wa kupima programu ulikuwa unazaliwa kwingine, na sisi tulioingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuta umeshakomaa bila mkubwa wa kutukalisha na kutueleza ulivyofika hapo.

Kikatizo chenyewe ni cha zamani kuliko mfumo endeshi wowote tunaoujua. Kabla yake prosesa ililazimika kuzunguka ikiuliza kila kifaa kama kina jambo, hata pale ambapo hakina. Katikati ya miaka ya 1950 wahandisi walianza kukipa kifaa waya wa kubisha hodi: prosesa iache ilichokishika, ikimbilie kipande cha programu kilichotengwa, imalize, kisha irudi pale pale ilipoachia. Edsger Dijkstra, aliyeandika programu ya vikatizo vya mashine ya Electrologica X1 huko Uholanzi na kuifanya tasnifu yake ya mwaka 1959, aliipinga fikra hiyo kwa miezi kadhaa kabla ya kuikubali. Alichohofia ni kwamba kikatizo kinaweza kuingia mahali popote, kwa hiyo kosa lililotokea leo huenda lisijirudie kesho ili mtu alichunguze. Yeye aliwaza usahihi wa programu. Hofu ile ile imo katika upimaji: kazi inayoingia popote, muda wake utaandikwa kwenye daftari la nani?

Njia ya kale ya kujua muda unaishia wapi ni kuchukua sampuli. Saa ya mashine inabisha mara kadhaa kwa sekunde, na kila ikibisha kerneli inatazama prosesa ilikuwa kwenye anwani gani, inaongeza moja kwenye hesabu ya anwani hiyo, basi. Anwani yenye hesabu kubwa ndiyo inayokula muda. Unix ilikuwa na kitu hicho tangu siku zake za mwanzo, na mwaka 1982 Susan Graham, Peter Kessler na Marshall Kirk McKusick wa Berkeley wakatoa gprof, iliyoonyesha pia kipande kipi cha programu kilikiita kipi. Linux kwenye mashine za Intel ilianza na saa ya mara 100 kwa sekunde, ikapanda hadi 1,000 ilipoingia 2.6, kisha ikashushwa kuwa 250 mwaka 2005.

Ubovu wa njia hii umejificha mahali pamoja: saa yenyewe ni kikatizo. Kerneli ina sehemu nyingi ambamo hufunga vikatizo vyote ili ishike data bila kuvurugwa. Saa ikibisha wakati huo haifukuzwi, inasubirishwa. Vikatizo vikifunguliwa, saa inaingia, inatazama prosesa iko wapi, na inaikuta kwenye amri ile ya kufungua. Kazi yote iliyofanyika ndani haina jina. Ndiyo maana mafundi waliotumia readprofile, chombo cha kwanza cha Linux cha kupimia kerneli, waliona kileleni mwa orodha jina spin_unlock_irqrestore, ambalo ni kipande kifupi sana kinachofungua kufuli na kurudisha vikatizo. Mtu asiyejua angekaa wiki nzima akijaribu kukiharakisha.

Mtu akitaka kuelewa hasara ya ubovu huo, amfikirie karani wa takwimu za samaki anayefika mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, saa tatu asubuhi. Mitumbwi ya dagaa huvua usiku kwa taa na kurudi alfajiri. Saa tatu dagaa wameshaanikwa au wamo kwenye magunia. Daftari la karani litajaa sangara na sato, na kila namba atakayoandika itakuwa ya kweli, ila ziwa aliloliandika litakuwa halina dagaa. Kuongeza makarani wanaofika saa tatu hakutasaidia. Vivyo hivyo kuiongezea saa ya kerneli kasi kutoka 100 hadi 1,000 kulifanya picha iwe na nukta nyingi zaidi, na sehemu zilizofungwa zikabaki giza vile vile.

Mwanza ya kabla ya mkongo wa mawasiliano haikuhisi shida hiyo, na sababu ni hesabu tu. Intaneti yetu ilishuka kutoka angani. Kwenye mapaa ya maghorofa ya katikati ya mji kulikuwa na madishi ya VSAT. Ishara ilipanda kilomita 36,000 hadi kwenye setilaiti, ikashuka ng'ambo, na jibu likachukua zaidi ya nusu sekunde kurudi. Kafe nzima ilishirikiana mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde, au chini ya hapo. Kwa kuwa kila kilobiti ililipiwa kwa dola, tuliweka kati ya dishi na wateja kompyuta moja ya mtumba, Pentium III mara nyingi, yenye kadi mbili za mtandao na programu ya Squid iliyohifadhi kurasa zilizokwisha kusomwa ili zisishushwe mara ya pili. Sasa piga hesabu: pakiti kubwa ya baiti 1,500 ni biti 12,000. Mkondo wa kilobiti 128 unapitisha pakiti kama hizo zisizofika 11 kwa sekunde. Prosesa ya mwaka 2000 ikikatizwa mara 11 kwa sekunde haijui hata kama imekatizwa.

Kisha bahari ikaja nchi kavu. Waya wa SEACOM, mkongo wa mwanga uliopita chini ya bahari, ulianza kazi Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ukafuata 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kutandazwa 2009, ukavuta mwanga huo hadi mikoani, kanda ya ziwa ikiwemo. Madishi yakaanza kushushwa. Lakini ile kompyuta ya mtumba chini ya meza haikushushwa, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi na ilishalipiwa. Kadi yake ya megabiti 100 iliweza sasa kupokea pakiti kubwa 8,127 kwa sekunde, na zikiwa ndogo kabisa, kama zinazotemwa na kompyuta yenye virusi, 148,809. Tuseme kila kikatizo kinakula maikrosekunde 5 tu. Pakiti ndogo zikija moja moja kwa kasi hiyo, zitachukua milisekunde 744 za kila sekunde kabla hazijasomwa na programu yoyote.

Hali hiyo ilishaandikwa kitaalamu miaka mingi kabla haijatufikia. Jeffrey Mogul wa kampuni ya Digital na K. K. Ramakrishnan walionyesha mwaka 1996 kwamba ruta inayoendeshwa kwa vikatizo, ukizidi kuipa pakiti, inafika mahali inapokea tu na haitoi hata moja. Iko macho, inatoka jasho, na haifiki popote. Dawa ya Linux, NAPI, ilielezwa mwaka 2001 na Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov: pakiti ya kwanza inabisha, kisha kerneli inaizuia kadi isibishe tena na inakwenda yenyewe kuchota pakiti kwa mafungu hadi ziishe. Ilikuwa dawa nzuri, na ilileta fumbo jipya la vipimo. Kwenye faili la /proc/interrupts, ambalo linahesabu kila kikatizo tangu mashine iwashwe, idadi iliongezeka polepole zaidi pale mzigo ulipokuwa mkubwa zaidi. Nimewaona vijana wakisoma namba hiyo na kusema msongamano umepungua, wakati ulikuwa umefika kilele.

Mwaka 2011 mgawo wa umeme ulikuwa mkali. Mzee mmoja mwenye kafe maeneo ya Makoroboi aliniita. Alikuwa amelipia mkondo mpana zaidi na kafe ikawa nzito kuliko enzi za dishi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Nimeambiwa hiki cha kuhifadhi kurasa ndicho kinachokula mashine, ninunue seva. Seva yenyewe jenereta langu halitaiweza."

"Mzee, naomba usinunue kitu mpaka jioni."

Aliyemshauri alikuwa amesoma top kama kila mtu anavyoisoma. Mstari wa Squid ulionyesha karibu prosesa nzima. Safu ya si, inayohesabu kazi ambazo kikatizo huziacha zifanywe mara baada yake, ilikuwa imepanda. Safu ya hi, sifuri na nukta kidogo. Ila kerneli ya wakati ule ilikuwa na tabia ambayo haionekani kwenye skrini: saa ilipobisha, muda ule uliandikwa kwenye akaunti ya programu yoyote iliyokutwa prosesani, hata kama programu hiyo ilikuwa imesukumwa pembeni na kadi ya mtandao. Squid ndiyo iliyokuwa inakutwa pale karibu muda wote. Ilikuwa inabebeshwa deni la jirani.

Sikuwa na kipimo kizuri, nilikuwa na njia ya kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Andrew Morton, mmoja wa walezi wakubwa wa kerneli, aliandika programu ndogo iitwayo cyclesoak alipokuwa akipima gharama ya mtandao. Haiulizi muda umetumikaje. Inajiweka kwenye kipaumbele cha chini kabisa, inazunguka bure ikijihesabu, na inalinganisha hesabu hiyo na ile ya mashine tupu. Kilichopungua ndicho kilichochukuliwa, kiwe kimechukuliwa na programu, na kerneli, au na kikatizo kilichofunga milango yote. Hakuna pa kujificha, kwa sababu anayepima ndiye anayeibiwa. Naipenda sana fikra hii. Ni ya unyenyekevu: inakubali kutojua nani kachukua, ili ijue kwa uhakika kimechukuliwa kiasi gani.

Nilizima Squid, nikaacha pakiti zipite moja kwa moja. Hesabu ya cyclesoak ilipanda kidogo tu. Sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa bado ipo na mshtakiwa hayupo. Tulibadilisha kadi mbili, tukaweka zinazokusanya pakiti kadhaa kabla ya kubisha mara moja, na jenereta la mzee likaendelea na kompyuta ile ile. Squid ikarudi mahali pake.

Huenda msomaji anauliza kwa nini sikuwa na mazoea ya vyombo vya kisasa, maana vilikuwepo. Hapa ndipo historia inapokuwa tamu, na ndipo umbali wetu unapoonekana.

Mwaka 1993, kwenye mkutano wa USENIX uliofanyika San Diego, Steven McCanne na Chris Torek wa maabara ya Lawrence Berkeley walieleza kasoro nyingine ya sampuli: saa inayobisha kwa mpigo usiobadilika inaendana na kazi zinazoamshwa na saa hiyo hiyo. Kazi inayoamka mara baada ya mpigo na kulala kabla ya mwingine haionekani milele, ingawa inakula nusu ya mashine. Walipendekeza saa ya pili, ya vipimo tu, inayobisha kwa vipindi visivyotabirika. BSD, Unix ya Berkeley, ikaichukua. Katika mkutano huo huo McCanne na Van Jacobson waliwasilisha BPF, kichujio cha pakiti ndani ya kerneli, na wakati ule kazi hizo mbili zilionekana hazina undugu.

Mwaka 1997 watu wa Digital walipiga hatua nyingine. Prosesa yao ya Alpha ilikuwa na kaunta za ndani zilizohesabu mizunguko. Kaunta ikijaa, inabisha. Mfumo wao, DCPI, ulipanga kaunta ijae kwa vipindi vya kubahatisha, ukachukua sampuli za mashine nzima, kerneli ikiwemo, na kuipunguzia kasi kwa asilimia 1 hadi 3 tu. Mtu aliweza kuuacha ukifanya kazi mchana kutwa kwenye mashine ya uzalishaji. John Levon alipotengeneza OProfile, iliyoingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2002, alifuata njia hiyo, na kwenye prosesa za Intel na AMD kaunta ilifungwa kwenye kikatizo cha aina ya pekee, kile kisichozuilika. Kikatizo hicho kiliwekwa kwa ajili ya majanga kama kumbukumbu kuharibika. Kerneli haiwezi kukifunga. Kikibisha ndani ya sehemu iliyofungwa, kinaingia pale pale na kuona prosesa iko kwenye amri ipi. Sasa fundi wa Linux aliweza kuona ndani ya kishughulikia kikatizo chenyewe, mstari kwa mstari, na lile jina la kufungua kufuli likaporomoka kutoka kileleni.

Pentium III ilikuwa na kaunta hizo. Watengenezaji wengi wa bodi walizima sehemu ambayo kaunta hizo zinaihitaji, lakini kerneli ingeweza kuiamsha kwa neno moja wakati wa kuwaka. Kilichotukwamisha kilikuwa kingine: kusoma matokeo kulihitaji kerneli yenye alama zake zote, faili kubwa ambalo halikuja kwenye sidii ya usakinishaji. Faili la megabaiti 100 kwenye mkondo wa kilobiti 128 lingeumeza mkondo mzima kwa saa moja na dakika 44, na kafe imefungwa. Hakuna mwenye kafe angekubali, na sikuwahi kumwomba. Tulipopata mkongo ndipo faili hilo likawa jambo la kushusha wakati unakunywa chai, yaani chombo kilitufikia pamoja na tatizo.

Kwenye upande wa hesabu za muda, mabadiliko makubwa mawili yalifuatana haraka. Mwaka 2010, toleo la 2.6.35, waandishi wa kerneli waliamua kwamba kila kishughulikia kikatizo kiendeshwe huku vikatizo vimefungwa. Awali vingine vilikuwa vinaachwa wazi, na saa iliweza kuvikuta katikati ya kazi. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa usalama wa kerneli, lakini tangu hapo, kwenye mashine inayohesabu muda kwa mpigo wa saa peke yake, safu ya hi haiwezi kuandika chochote isipokuwa sifuri. Saa haiwezi kuingia ndani ya kikatizo, kwa hiyo haiwezi kukiona kikatizo.

Dawa ilianza kuja na toleo la 2.6.37, Januari 2011, kazi ya Venkatesh Pallipadi aliyekuwa Google. Aliacha sampuli. Kerneli inasoma saa ya prosesa inapoingia kwenye kikatizo, inaisoma tena inapotoka, na tofauti inaandikwa kwa kikatizo chenyewe. Kazi zinazoahirishwa nazo zinapigwa muhuri vivyo hivyo, na programu iliyosukumwa pembeni haidaiwi. Mpangilio huo unaitwa IRQ_TIME_ACCOUNTING. Unadai malipo: saa isomwe mara mbili kwa kila kikatizo, na saa yenyewe iwe imara. Kerneli ikigundua saa ya prosesa inayumba, inazima mpangilio wote na kurudi kwenye mpigo wa kale. Mashine nyingi za mtumba saa zao zilikuwa zinayumba prosesa ilipobadili kasi kuokoa umeme. Kwa hiyo kerneli mpya ile ile, kwenye seva mpya ya Dar es Salaam na kwenye kompyuta kuukuu ya Igoma, Mwanza, ilitoa hesabu mbili za aina tofauti chini ya jina moja la safu, bila alama ya kumwonya anayesoma.

Perf, ya Ingo Molnar na Thomas Gleixner, iliingia Septemba 2009 na toleo la 2.6.31, na taratibu ikachukua nafasi ya OProfile. Inatumia kikatizo kisichozuilika panapokuwa nacho. Hata hivyo kati ya kaunta kujaa na kikatizo kuingia, prosesa huwa imeshapiga hatua kadhaa mbele, na lawama huangukia amri ya jirani. Intel walianza kulishughulikia hilo kwenye Pentium 4, kwa kuifanya prosesa yenyewe iandike ilipokuwa. AMD wakaja na njia yao mwaka 2007. Kwa kazi ya ruta sijawahi kuhitaji usahihi wa amri moja, nataka tu kujua ni kadi au ni programu.

Habari za ARM, kwangu, ni nzito kuliko hizo. Bodi ndogo za ARM ndizo tunazofunga kwenye shule na zahanati za visiwa vya Ziwa Victoria, kwa sababu zinaishi kwa paneli ya sola na betri ya gari. Ruta ndogo za ukutani nazo ni ARM au MIPS. Prosesa hizi kwa miaka mingi hazikuipa Linux kikatizo kisichozuilika cha kupimia. Kaunta zipo, lakini zinapobisha zinasubirishwa mlangoni kama saa ya kale, na perf kwenye bodi hizo inatoa picha ile ile yenye giza ambayo watu wa Intel waliiaga mwaka 2002. Mei 2019, toleo la 5.1, Julien Thierry wa kampuni ya Arm alileta njia ya kuiga: badala ya kufunga vikatizo vyote, kerneli inapandisha kiwango cha kipaumbele ili vya kawaida visubiri na kile cha kupimia kipite. Perf ilianza kuitumia njia hiyo kwenye toleo la 5.10, Desemba 2020. Inahitaji msimamizi wa vikatizo wa kizazi cha tatu, GICv3, na haiwaki mpaka uiombe wakati wa kuwasha mashine. Mwaka 2021 Arm walitangaza, kwa Armv8.8, kikatizo kisichozuilika cha kweli ndani ya prosesa.

Kati ya 2002 na 2020 ni miaka 18. Nimesikia ikisemwa kwamba bodi ndogo hazihitaji vipimo vya namna hii kwa kuwa hazibebi mzigo mkubwa. Mimi naona kinyume. Mwenye seva kubwa anaweza kupoteza theluthi ya prosesa na asijue, kwa kuwa ana prosesa nyingine 30. Zahanati yenye bodi moja na betri moja haina pa kupotezea, na prosesa inayoshindwa kulala kwa sababu ya vikatizo inaimaliza betri kabla ya alfajiri.

Kwa hiyo visiwani tunarudi kwenye mihuri ya saa na pengo la mtindo wa cyclesoak, na vyote viwili sasa viko ndani ya kerneli yenyewe. Tangu 2009 kila kuingia na kutoka kwa kikatizo kunaweza kurekodiwa kwa jina, irq_handler_entry na irq_handler_exit. BPF ya McCanne na Jacobson ilipanuliwa mwaka 2014 ikawa mashine ndogo ya kuendesha programu ndani ya kerneli, na kati ya vyombo vilivyojengwa juu yake kimo kimoja, hardirqs, kinachojumlisha muda wa kila kikatizo. Zile kazi mbili za San Diego zimekutana hatimaye. Mwaka 2021 toleo la 5.14 likaleta osnoise ya Daniel Bristot de Oliveira, aliyefariki Juni 2024 akiwa bado kijana. Osnoise ni ndugu wa cyclesoak aliyesoma: uzi unazunguka bure ukitazama saa, na kila unapoona pengo unaandika ni la kikatizo, la kazi iliyoahirishwa, au la vifaa vyenyewe. Pengo linapata ukubwa na jina pamoja.

Vijana ninaofanya nao kazi sasa nawapa utaratibu mmoja kabla hawajaamini top kwenye bodi ngeni. Waangalie kama kerneli yake ilijengwa na IRQ_TIME_ACCOUNTING. Waangalie saa ya prosesa ni ipi. Waendeshe osnoise dakika chache mashine ikiwa tupu, kisha mtandao ukiwa umejaa, waandike namba zote mbili kwenye karatasi inayobandikwa ndani ya boksi la bodi. Raspberry Pi 4, ambayo ndiyo wengi wanayo, ina GIC-400 ya kizazi cha pili, kwa hiyo perf haitawaonyesha ndani ya vikatizo na wasiipotezee muda kwa kazi hiyo. Bodi zenye GICv3 zipo madukani, ila bei yake bado haijashuka kiasi cha kupelekwa kwa wingi Nansio, kisiwani Ukerewe, na mpaka hapo karatasi ile ya ndani ya boksi ndiyo kumbukumbu tunayoitegemea.